Mshale wa presha ya oili unaanguka kwenye kona ndefu: niingie mashindanoni au nisubiri?

"Salamu, fundi. Baba yangu aliniachia MGB la mwaka 1965, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, na injini iliyomo ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nimeliendesha barabarani miaka mingi bila shida. Mwaka huu nimelipeleka mara tatu kwenye siku za wazi za uwanja wa mbio, na kabla ya ile ya tatu nililifunga tairi za kisasa, laini, zinazong'ang'ania lami kwelikweli. Siku hiyo nikaona jambo lililonitia hofu. Kwenye kona moja ndefu ya kulia, mshale wa presha ya oili ulishuka kutoka paundi 60 kwa inchi ya mraba hadi karibu 20, kisha ukarudi nilipofika sehemu iliyonyooka. Kila raundi ilikuwa hivyo hivyo. Jamaa mmoja anasema geji za zamani ndivyo zilivyo, nisizitazame. Mwingine anashauri nitie oili nzito zaidi na niijaze kupita alama. Wa tatu anasema magari haya hayakuumbwa kwa mbio, nibaki kuyapeleka kwenye maonyesho. Miezi miwili ijayo kuna mashindano ya magari ya kale, mbio za dakika 20. Fomu nimeshaijaza, sijaituma. Je, niitume? Sitaki kuiua injini ya baba."

Fomu usiichane, ila usiitume wiki hii. Kwa maelezo uliyonipa naamini gari lako linaweza kushindana, tena ndani ya miezi hiyo miwili, mradi kwanza ufungue sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini, na kutazama kilichotokea ndani siku ile ya tatu. Nitakwenda polepole katika kueleza, kwa sababu ukishaelewa kinachofanyika chini ya injini katika kona ile, utaweza mwenyewe kupima ushauri wa kila rafiki, na wangu pia.

Nianze na yule aliyesema geji zinadanganya. Zipo geji zinazodanganya, na za umri wa gari lako nimezibadilisha nyingi. Lakini tazama ulichokiandika: mshale ulishuka kwenye kona ile ile, kila raundi, ukapanda kila ulipotoka. Geji mbovu haijui kona. Ikiharibika itasoma chini siku nzima, au itarukaruka ovyo, au itaganda. Zaidi ya hapo, katika MGB la miaka ile oili yenyewe hupanda kwa kijibomba chembamba kutoka kwenye injini hadi nyuma ya deshibodi, na ndiyo inayousukuma mshale. Kijibomba hicho kinachelewesha habari. Ulipouona mshale kwenye 20, inawezekana presha ndani ya injini ilikuwa imeshashuka chini ya hapo sekunde moja kabla. Kwa hiyo mimi naisoma 20 yako kama habari njema kuliko ukweli wenyewe.

Sasa twende chini ya gari. Sampu ni beseni. Oili imelala ndani yake, na pampu inaifyonza kwa mdomo mmoja uliokaa karibu na sakafu ya beseni hilo. Gari likiwa limesimama, uso wa oili umelala sawa na mdomo umezama vizuri. Ukiingia kona ya kulia, oili hukimbilia kushoto, kama maji ya beseni lililobebwa nyuma ya gari linalokata kona. Hapa kuna hesabu nzuri isiyohitaji chombo chochote. Kona inapokusukuma kando kwa nguvu sawa na uzito wako, yaani kile tunachokiita g 1, uso wa oili huinama nyuzi 45. Kwa g 0.7 huinama nyuzi 35 hivi. Chora beseni kwenye karatasi, lichoree maji yaliyoinama nyuzi 45, kisha weka nukta pale mdomo wa pampu ulipo. Utaona mwenyewe jinsi upande mmoja wa sakafu unavyobaki mkavu.

Kona fupi haina madhara makubwa, kwa sababu oili inahitaji muda kuhama, na kabla haijahama yote umeshatoka. Kona ndefu ndiyo inayowinda injini. Pale Goodwood, Uingereza, uwanja uliofunguliwa mwaka 1948, ukafungwa kwa mashindano mwaka 1966 na kurudi mwaka 1998 kwa ajili ya magari ya aina zilizokimbia hapo zamani, kona ya kwanza kabisa, Madgwick, ni ya kulia na inakwenda, inakwenda. Dereva anakaa ameinama upande mmoja hadi shingo ichoke. Oili nayo inakaa upande mmoja muda huo wote. Na kumbuka kwamba injini ikizunguka kasi, si oili yote iko kwenye sampu. Nyingine iko juu kwenye valvu, nyingine ukutani inateremka, nyingine kwenye kipoza oili na mabomba yake. Kijiti cha kupimia ulichokichomoa asubuhi gari likiwa baridi kilikuonyesha oili ambayo, katikati ya kona, kwa sehemu haipo chini tena.

Mdomo wa pampu unapobaki mkavu unafyonza hewa. Watu wengi wanadhani hatari ni presha kushuka. Hatari ni kile kinachofika kwenye metali za krenki, vile vipande vya nusu duara vinavyoishika krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na konrodi (mikono inayoiunganisha krenki na pistoni). Krenki haishikiliwi juu na presha ya pampu. Inaelea. Kati yake na metali kuna nafasi ya kadiri ya sehemu tano za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, na krenki inapozunguka inaiburuta oili hadi kwenye sehemu iliyobana zaidi, ikatengeneza kabari inayoinyanyua. Kama umewahi kuendesha gari kwenye dimbwi kwa kasi ukahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, tairi ilikuwa imepandishwa na maji kwa namna hiyo hiyo. Barabarani hilo ni balaa. Ndani ya injini ndilo linaloiweka hai. Kazi ya pampu ni kuleta oili mpya kila wakati, kwa sababu ile iliyomo inavuja pembeni bila kukoma na kubeba joto inapotoka.

Ikija hewa mahali pa oili, kabari inakatika na chuma kinagusa metali. Na konrodi ndizo zinazoumia kwanza: oili inafika kwenye metali kuu za krenki, kisha inapita kwenye matundu yaliyotobolewa ndani ya krenki hadi kwenye konrodi. Ziko mwisho wa foleni. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 100 kwa sekunde. Sekunde mbili za ukavu katika kona yako ni mizunguko 200. Mbio za dakika 20 zikiwa na raundi 10, hiyo ni mizunguko 2,000 ambayo konrodi zako zinasafiri bila mlo wa kutosha. Hakuna kinachovunjika raundi ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Tabaka laini la juu la metali linapakazwa kidogo leo, linapungua kidogo wiki ijayo, nafasi inapanuka, oili inavuja haraka zaidi, joto linapanda. Dalili ya mvua ni mawingu, na mshale wako ni wingu.

Niliwahi kumhudumia dereva mwenye gari la aina nyingine, injini nzuri niliyoiunga kwa mikono yangu, aliyeniambia mshale wake "unainama kidogo" kwenye kona moja. Nilikuwa na kazi nyingi, nikamwambia tutaitazama msimu ukiisha. Alimaliza mbio tano salama. Ya sita konrodi ilikatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, oili yote ikamwagika kwenye lami, na magari mawili yaliyokuwa nyuma yake yaliteleza hadi kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Waamuzi walitoa bendera ya manjano yenye mistari myekundu, ile ya kuonya kwamba lami inateleza, na mbio zikatulia. Lakini tangu siku hiyo sichukulii tena mshale unaoanguka kuwa jambo la injini ya mtu mmoja. Oili yako ikimwagika, wanaoipata kwanza ni wanaokufuata.

Sasa jambo ambalo umelitaja kama kwa kupita, nami naliona ndilo kiini cha swali lako: zile tairi. Siku mbili za kwanza hukuona kitu. Siku ya tatu ukafunga tairi za kisasa, na mshale ukaanguka. Waliochora sampu ya gari hili walikuwa na mbele yao tairi za enzi zao, nyembamba na ngumu, ambazo zingeanza kuteleza muda mrefu kabla oili haijaukimbia mdomo wa pampu. Tairi ilikuwa fyuzi. Gari liliteleza kidogo, dereva akalirudisha, na injini haikuhisi kitu. Wewe umeitoa fyuzi hiyo ukaweka waya mnene. Sasa gari linaweza kushikilia kona kwa nguvu ambayo sampu haikuahidiwa kamwe. Chasisi, bolti za magurudumu na beringi za magurudumu nazo zinabeba mzigo huo mpya, ila hizo hazina geji ya kukuambia.

Ndiyo maana siungi mkono hata kidogo dawa ya oili nzito. Najua inavyovutia: unatia, mshale unapanda, moyo unatulia. Lakini geji inapima jinsi oili inavyobanwa njiani, haipimi ni kiasi gani kinafika. Oili nzito inapita kwa shida, kwa hiyo presha inasoma juu huku mtiririko ukipungua. Mbaya zaidi kwa tatizo lako, inateremka polepole kutoka juu ya injini kurudi kwenye sampu, na wewe unaihitaji irudi upesi. Oili ya 20W-50 ya kiwango kizuri, yenye kemikali za zinki za kulinda kemshafti (mhimili unaofungua valvu), inaifaa injini hii. Baki nayo na uibadilishe mara nyingi.

Kuhusu kujaza kupita alama, nusu ya ushauri ule ni kweli. Kuingia uwanjani oili ikiwa kwenye alama ya juu kabisa ni lazima, na wapo madereva wazoefu wanaoongeza kama nusu lita juu yake. Inasaidia kidogo kwenye kona za wastani. Ukizidisha, krenki inaanza kuipiga oili kama mwiko, inageuka povu, na pampu inafyonza povu hilo siku nzima, hata kwenye sehemu iliyonyooka. Povu ni baya kuliko linavyoonekana kwenye geji, maana mshale unaweza kusoma paundi 40 za mchanganyiko ambao robo yake ni hewa.

Rafiki wa tatu, anayesema magari haya hayakuumbwa kwa mbio, mwambie kwa upole atazame kumbukumbu za Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. MGB la kiwanda lilikimbia saa 24 pale mwaka 1963, 1964 na 1965, na mara zote tatu lilimaliza. Mwaka 1963 Alan Hutcheson, aliyekuwa akibadilishana na Paddy Hopkirk, alizama kwenye mchanga mapema kabisa, akachimba kwa zaidi ya saa moja kulitoa gari, na bado wakamaliza wa 12. Mwaka 1965 Hopkirk na Andrew Hedges walimaliza wa 11. Injini yako ya 1,798 cc ni ya ukoo ule ule, tena ya mwaka 1965 ina metali kuu tano za kuishika krenki badala ya tatu za matoleo ya mwanzo. Uvumilivu upo. Kilichokosekana ni oili kukaa mahali pake.

Namna za kuiweka mahali pake ziko kadhaa, na hazilingani.

Ya kwanza ni kurudi kwenye tairi za kipindi cha gari. Mashindano mengi ya magari ya miaka hiyo yanadai hivyo kwa lazima, mara nyingi tairi za Dunlop zenye mchoro wa zamani, kwa hiyo huenda usiwe na hiari. Soma kanuni zako kabla ya kununua chochote. Utakuwa wa polepole kidogo kwa saa ya mkononi, na gari litakuwa tamu zaidi kuendesha: litateleza mapema, taratibu, likikuambia kila kitu kupitia usukani. Nasema hivi kwa moyo wote. Kulitazama gari dogo la miaka ya sitini likikata kona likiwa limeteleza magurudumu yote manne, dereva akilishika kwa vidole, ni moja ya sababu zilizonifanya nibaki katika kazi hii.

Ya pili, na kwangu hii ni lazima hata ukirudisha tairi, ni kuta za ndani ya sampu. Sampu ya mbio ina vyumba vidogo kuuzunguka mdomo wa pampu, na katika kuta zake kuna vilango vyenye bawaba vinavyofungukia ndani tu. Oili inaingia kuelekea kwenye mdomo, ikitaka kukimbia kwenye kona kilango kinajifunga. Juu yake huwekwa bamba linaloizuia oili kurukia krenki. Ni kazi ya chuma ya kawaida kwa fundi anayejua kuchomelea, na zinauzwa pia zikiwa tayari. Hakikisha tu kwamba nafasi kati ya mdomo wa pampu na sakafu imepimwa upya. Nimekutana na sampu nzuri sana ambazo mdomo ulikuwa umegusa sakafu na kujiziba wenyewe.

Ya tatu ni mtungi wa akiba, unaojulikana sana kwa jina la Accusump. Ndani yake kuna pistoni, upande mmoja hewa iliyobanwa na upande mwingine oili. Presha ya injini ikishuka, hewa inaisukuma oili ya akiba kwenye njia kuu na kuziba pengo la sekunde chache. Pia unaweza kuufungua kabla ya kuwasha injini ili metali zisianze kavu, na faida hiyo peke yake ina thamani kubwa kwa injini isiyowashwa kila siku. Ni kifaa kizuri. Tatizo lake ni kwamba kinahitaji mabomba ya ziada, kila kiungo ni mahali pa kuvuja, na si kila klabu inakiruhusu. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Ya nne ni sampu kavu, ambapo oili inakaa kwenye tangi la pembeni na pampu zaidi ya moja zinaihamisha. Gari la mbio la Jaguar D-type la 1954 lilikuwa nayo. Ni tiba kamili ya tatizo, lakini gari lako halikuwa nayo enzi zake, na kanuni za magari ya kale kwa kawaida zinakataa kifaa ambacho modeli yako haikukitumia katika kipindi chake. Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, ambacho kinayagawa magari kwa vipindi, kinaliweka la kwako katika kipindi F, 1962 hadi 1965, na hili ndilo sharti lake kuu: gari likimbie kama lilivyokimbia wakati ule. Iache.

Najua utasita kuigusa injini ambayo baba yako hakuigusa. Sampu mpya inafungwa kwa bolti zile zile, hakuna tundu jipya linalotobolewa kwenye bloku, na siku ukitaka kulirudisha gari kama lilivyokuwa ni kazi ya siku moja. Isafishe sampu ya zamani, ipake oili, iandike tarehe kwa kalamu ya rangi na uiweke kabatini. Kilicho cha asili na kisichonunulika tena ni ile bloku yenye namba yake. Sampu ya kisasa ndani ya giza inailinda bloku hiyo, na mimi katika nafasi yako nisingeona kwamba nimemkosea mzee.

Kabla ya hayo yote, pima hali uliyo nayo sasa. Unganisha geji ya fundi inayoaminika moja kwa moja kwenye injini, endesha gari hadi oili ipate moto kwelikweli, angalau nusu saa, kisha soma. Injini hii ikiwa moto na inakimbia kawaida inatakiwa kusoma kati ya paundi 50 na 80, na ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa, kati ya 10 na 25. Ikiwa iko humo, tatizo lako ni la kona peke yake. Ikiwa iko chini hata kwenye sehemu iliyonyooka, basi metali au pampu zimeshachoka na kuta za sampu hazitakuponya. Kisha mwaga oili kwenye chombo safi chini ya mwanga mkali, na kata kichungio cha oili kwa kifaa cha kukatia kisichoacha vumbi la chuma ndani yake, ukunjue karatasi yake. Unga wa kijivu mchache kama vumbi unaweza kuwa wa kawaida kwa injini ya umri huu. Vipande vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au ya shaba, vinavyoonekana kwa jicho, si vya kawaida.

Hapo ndipo kazi ya kuandikiana inapokoma. Ukiona vipande hivyo, au presha ya moto ikiwa chini ya vipimo nilivyotaja, au ukisikia mlio mzito wa chuma kugonga kutoka chini unapokanyaga na kuachia mafuta, usiiwashe injini tena, hata kuisogeza hadi barabarani. Lipakie gari juu ya lori na ulipeleke kwa fundi anayeunga injini za mbio za aina hii, mtu wa kuishika krenki mkononi na kuipima kwa maikromita. Injini iliyogundulika ikiwa imekwaruzwa, krenki yake inasagwa iwe laini, inapewa metali za saizi inayofuata na inaendelea na maisha. Iliyoachwa hadi ikanoki mara nyingi inaondoka na konrodi, na wakati mwingine na bloku ya baba yako.

Hata kama kila kipimo kimekuja kizuri, bado nataka sampu ifunguliwe na kofia za konrodi zifunguliwe moja moja. Katika MGB inawezekana bila kuitoa injini, kwa kuiinua kidogo ili bolti za mbele zifikike. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe fundi nawe usimame pembeni umshikie taa. Kila kofia irudi mahali pake na upande wake, bolti ziwe mpya na zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Metali zikiwa na mng'aro hafifu ulioenea sawa, umepona. Zikiwa na michirizi, au sehemu zilizopauka ambapo tabaka la juu limeisha, weka seti mpya wakati pamefunguka, usirudishe zilizotoka.

Mambo ya helmeti, mikanda, upinde wa kukinga kichwa, kizima moto na leseni yameandikwa wazi kwenye kanuni, na wakaguzi watakusimamisha kama kuna kasoro. Siyarudii. Ila ongeza kitu kimoja ambacho huenda hawatakudai: taa kubwa nyekundu mbele ya macho yako, yenye swichi iliyopangwa kuwaka presha ikishuka chini ya paundi 35 hivi. Katikati ya kona, na gari jingine likiwa ubavuni, hakuna dereva anayetazama geji. Wewe uliiona kwa sababu ilikuwa siku ya mazoezi na akili yako ilikuwa na nafasi. Taa ikiwaka kwenye kona, achia mafuta taratibu bila kukata ghafla, nyoosha usukani kadiri njia inavyokuruhusu, na ngoja izimike. Ikiwaka kwenye sehemu iliyonyooka, zima injini, toka kwenye mstari wa mbio na usimame mahali salama. Kwa mbio zako za kwanza jiwekee kikomo cha mizunguko 5,500 hata kama wengine wanakupita. Na kwenye raundi ya kupasha moto usiikanyage injini kwa nguvu kwa sababu tu maji yamepata joto, maana oili huchelewa sana kuliko maji.

Miezi miwili inatosha ukianza wiki hii: wiki moja ya kupima na kufungua, wiki mbili au tatu za kutengeneza sampu, kisha siku moja ya wazi kwenye uwanja ule ule, kona ile ile, kwa tairi utakazoshindania. Mshale ukibaki juu ya 50 kwa raundi kumi mfululizo oili ikiwa moto, tuma fomu. Ukishuka tena, hata kidogo, niandikie kabla ya kuituma. Na sampu itakapofunguliwa, zipange metali zote nane za konrodi kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda, ya juu juu na ya chini chini, uzipige picha kwenye mwanga wa dirishani na unitumie. Nitaweza kukueleza mengi kwa kuona tu ni zipi zimepauka na upande gani.